Somo: Kuseti taimingi ya injini ya zamani yenye distributa

Kila wiki ninaulizwa, hapa Arusha na kutoka Moshi, kwa nini gari la kabureta na platini (vile vikontakti ndani ya distributa vinavyofunguka ili cheche itoke) linachemsha mlimani au injini yake inagonga likivuta mzigo, nami kila wiki ninajibu yale yale: kagua taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, ambao husetiwa kwa kuzungusha distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Sasa ninayaandika mara moja ili kila anayeuliza asome hapa. Mfano wangu ni Corolla ya injini ya 4K, ambayo hutaka cheche itoke nyuzi 8 kabla ya pistoni kufika topu, yaani juu kabisa. Gari lako lina namba yake. Isome kwenye kitabu au kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti.

Kwanza, pasha injini moto hadi ifikie joto lake la kazi, kisha izime.

Pili, kagua plagi, nyaya zake, rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa) na kifuniko cha distributa.

Tatu, weka nafasi ya platini kwa fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi). Kwa 4K ni milimita 0.45. Platini ikipanuliwa hufunguka mapema na cheche huwahi, ikibanwa cheche huchelewa, kwa hiyo anayegusa platini baada ya kuseti taimingi ameivuruga taimingi ile ile aliyoiseti.

Nne, safisha alama ya puli ya krenki na uipake chaki.

Tano, unganisha taa ya taimingi, ambayo humulika kila plagi inapotoa cheche, kwenye betri na waya wa plagi namba 1. Kunja mikono ya shati, maana feni iko karibu.

Sita, chomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) kwenye distributa na uuzibe.

Saba, washa injini na ushushe silensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, hadi mizunguko 750 hivi kwa dakika kabla ya kumulika alama. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Kabureta yangu ilikuwa ikivuta hewa pembeni, silensa ikabaki juu, karibu 1,300, nami nikaseti hivyo hivyo kwa sababu taa ilionyesha nyuzi 8 kamili. Sikujua kwamba ndani ya distributa vile vyuma viwili vidogo vinavyoshikwa na springi vilikuwa vimeshaanza kufunguka na kuwahisha cheche, kwa hiyo taimingi yenyewe ya msingi ilikuwa imechelewa mno. Mjini gari lilikwenda vizuri. Nilipopanda mlima wa Mto wa Mbu kuelekea Karatu, mshale wa joto ukafika kwenye nyekundu, na nilipofungua boneti jioni ile nikaona bomba la moshi linang'aa kama kaa la jiko. Cheche ikichelewa, mafuta huendelea kuungua wakati pistoni imeshaanza kushuka, na joto ambalo lingesukuma gari huishia kwenye valvu za moshi na kwenye maji ya rejeta. Gasketi ya silinda hedi iliungua. Tafadhali, silensa ikikataa kushuka, tibu kabureta kwanza, usiguse distributa.

Nane, legeza boliti ya distributa kidogo tu, kisha izungushe hadi alama ikae kwenye nyuzi 8. Kuizungusha kinyume cha mwelekeo wa rota huwahisha cheche, kuifuata rota huichelewesha. Distributa huzunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili, kwa hiyo ukiisogeza uzi 1, taimingi husogea nyuzi 2.

Tisa, kaza boliti, mulika tena, kwa kuwa kukaza kwenyewe huweza kuisogeza, kisha rudisha mpira. Ukikanyaga mafuta, alama inapaswa kusogea upande wa kuwahi. Isiposogea, vile vyuma vya ndani vimekwama.

Maswali ya wanachama

Swali: Gari langu lina misi (silinda nyingine haiwaki). Nizungushe distributa upande gani?
Jibu: Hujataja gari, injini wala nafasi ya platini. Rudi hatua ya pili na ya tatu.

Swali: Fundi wangu huseti kwa sikio na gari huchangamka. Taa ya nini?
Jibu: Sikio husikia silensa, na silensa hupanda kila unapowahisha cheche, hata ukipitiliza. Mgongo wa pistoni ndio utakaolipa gari likibeba mzigo. Nimeshaona pistoni zilizotoboka.

Swali: Shikamoo mwalimu. Niliseti gari Arusha likawa zuri, lakini nikifika Tanga linagonga. Je, taimingi imehama?
Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri sana. Haijahama. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mgandamizo ndani ya silinda hupungua, na injini huvumilia cheche ya mapema zaidi. Pwani hewa ni nzito, na taimingi ile ile inakuwa ya mapema mno. Bila shaka uliongeza kidogo kupita kitabu. Rudisha nyuzi 2 kabla ya safari na usikilize.

Swali: Sina taa ya taimingi. Kuna njia nyingine?
Jibu: Ipo, kwa gari la platini. Chukua balbu ya volti 12, waya mmoja kwenye koili upande unaokwenda distributa, mwingine kwenye bodi. Zima injini, fungua swichi, peleka alama kwenye nyuzi 8 silinda namba 1 ikiwa inabana, kisha zungusha distributa. Balbu inapowaka tu, platini zimefunguka. Usiache swichi wazi muda mrefu, koili itaungua.

Mchango: Badala ya chaki mimi hutumia rangi nyeupe ya kucha. Haifutiki kwa mafuta.
Jibu: Ahsante dada, nitaijaribu. Nami naongeza: ukiwa umefungua kifuniko, ng'oa rota na udondoshe matone mawili ya oili kwenye kitambaa kilicho chini yake. Kikikauka, vyuma vya ndani hukwama.