Kompyuta itoe taarab safi, si kelele

Kabla hujashuka mjini kununua spika mpya angalia faili zenyewe kwanza, maana MP3 ya 128 kbps, yaani iliyobanwa sana, hata uigeuze FLAC (faili isiyokata sauti) haiongezeki kitu, kilichokatwa kishakatwa, bora utafute zile CD za taarab za zamani uzihamishe mwenyewe. CD ni biti 16 na 44.1 kHz (idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde, kwa maelfu) lakini Windows mara nyingi iko 48 kHz, inazigeuza kimyakimya, so weka foobar2000, programu ya kupiga muziki, uchague WASAPI eksklusivu, njia ya kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa, hapo miksa ya Windows inarukwa. Sasa ule mlio wa zzzz ukisukuma mausi, huo ni umeme wa ndani ya kompyuta unaingia kwenye sauti, dawa yake DAC ya nje ya USB, kidude cha kugeuza data ya kompyuta iwe sauti, hata ile ndogo ya bei rahisi, mimi naona hapo ndo pesa inafanya kazi wallahi. Ukisikia vuuu isiyoisha jaribu kuchomeka kompyuta na ampu (kikuza sauti) soketi moja. Spika zitoe ukutani kidogo, twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio. Na huku Mombasa hewa ya chumvi inakula jeki za waya za sauti, zikianza kukwaruza zima kila kitu uzifute na spiriti.