Kula Hispania: saa nane mchana, ukoko, na nguruwe aliyejificha

Wiki yangu ya kwanza Valencia nililala njaa mara mbili, na hela mfukoni ninayo. Nilitoka saa kumi na mbili jioni kutafuta chakula, nikakuta majiko yamezimwa mtaa mzima. Huku chakula kikubwa huliwa mchana, saa nane hadi saa kumi, na cha usiku huanza saa tatu, mara nyingi saa nne.

Kwa hiyo siku za kazi ulizia “menú del día”, yaani mlo wa siku wa bei moja, mchana. Kwenye mitaa ya kawaida, kwa euro 12 hadi 15 hivi unapewa sahani ya kwanza, ya pili, mkate, kinywaji, na kitindamlo au kahawa. Maji usinunue. Tangu 2022 sheria inawataka wenye mikahawa wakupe maji ya bomba bure. Sema tu “agua del grifo”.

Sasa paella. Jina lenyewe kwa Kivalencia ni kikaango, na wenyeji hukasirika ukiita hivyo kila wali wa manjano. Ile ya Valencia ina kuku, sungura, maharage mabichi ya maganda, maharage mapana meupe waitayo garrofó, nyanya ya kukuna, paprika, zafarani na mafuta ya zeituni. Soseji haimo. Mwenye mkono wa pilau atapata tabu kidogo, kwa sababu sisi huosha mchele, hufunika, hupalia makaa juu ya kifuniko. Wao hawaoshi, hawafuniki, na mchele ukishatandazwa kikaangoni haukorogwi tena. Moto mkali mwanzoni, kisha mdogo, jumla dakika 18 hivi. Mchele wa aina iitwayo bomba hunywa supu karibu mara tatu ya ujazo wake, basi usipime kwa mazoea ya basmati. Mwishoni tega sikio: supu ikikauka, chini huanza kutatarika, na harufu hugeuka kuwa kama ya njugu za kukaanga. Huo ni ukoko unashika. Wao huuita socarrat, na watu wazima huukwangua kwa kijiko wakigombania kama sisi tulivyogombania sufuria la bibi.

Zafarani wao ni azafrán, sukari ni azúcar. Waislamu walitawala sehemu za nchi hii kuanzia 711 mpaka Granada ilipoanguka 1492, na jikoni alama zao bado zipo. Hata Albufera, ziwa la pwani lililozungukwa na mashamba ya mpunga kusini mwa Valencia, jina lake latokana na Kiarabu, bahari ndogo.

Lakini utawala ulipita, nguruwe akabaki, naye hujificha. Niliwahi kumwambia mhudumu sili nyama, akaniletea maharage mabichi yamenyunyiziwa vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Hakunidharau, kwa wengi “carne” ni mnofu wa kueleweka, jamón ni kiungo tu. Usiseme “sin carne” (bila nyama) ukatulia. Uliza kila kimoja: “¿Lleva jamón, tocino o manteca?” Tocino ni mafuta ya nguruwe ya kipande, manteca ni yaliyoyeyushwa. Dengu mara nyingi hupikwa na chorizo, soseji ya nguruwe, croquetas (vidonge vya kukaanga) huwa na jamón, na biskuti za Krismasi ziitwazo polvorones pamoja na ensaimada, mkate mtamu wa Mallorca, kwa asili hukandwa kwa mafuta hayo. Nyama ya halali utaipata Lavapiés ukiwa Madrid, au El Raval ukiwa Barcelona. Mtu wa Pwani aagize pulpo a la gallega: pweza wa kuchemsha, chumvi ya mawe, paprika, mafuta ya zeituni. Pilipili ya kuwasha beba yako.

Siku mfuko umetoboka, pika tortilla de patatas. Ni chipsi mayai, ila viazi havikaushwi. Kata nusu kilo vipande vyembamba, vipike na kitunguu kwa mafuta mengi ya zeituni, moto mdogo, mpaka vilegee. Chuja, changanya na mayai sita yaliyopigwa, acha dakika kumi ndipo umimine kikaangoni. (Kuna wasiotia kitunguu kabisa, usiingie kwenye ugomvi huo.) Kugeuza ndiyo kazi: funika kwa sahani kubwa kuliko kikaango, bana, pindua kwa mkupuo mmoja juu ya sinki. Yangu ya kwanza nilisita katikati, nusu ikaenda na maji.

Mboga ya kusindikiza iko sokoni kila mahali: acelga ndiyo ile “spinachi” tuliyozoea nyumbani. Muhogo wanauita yuca na ndizi za kupika plátano macho, kwenye maduka ya watu wa Amerika ya Kusini. Ila unga mweupe wa arepa (mikate ya mahindi) wanaouza hapo umeshapikwa kabla. Ukiusongea ugali utapata uji mzito unaonata kwenye vidole.