Ekebergparken Oslo: nenda jioni, nenda na mkeka

Wageni wengi wakija Oslo wanapelekwa jumba la Opera, wanapanda lile paa jeupe, picha mbili tatu, basi wanaambiwa mji wameuona. Mimi wageni wangu nawapeleka Ekeberg kwanza, kule kilimani kusini mashariki mwa stesheni kuu, maana ukiwa juu pale Opera yenyewe unaiona chini miguuni mwako, nyuma yake majengo marefu ya Bjørvika, halafu mji wote mpaka ule mlima wa ng'ambo wenye mnara wa Holmenkollen wanaporukia ski, na upande wa kushoto bahari na visiwa vyake. Bustani inaitwa Ekebergparken. Haina kiingilio, iko wazi saa 24, na ndani ya msitu wake kuna sanamu zaidi ya 40, zikiwemo za Rodin, Renoir na Salvador Dalí, watu ambao kwingine unalipa tiketi ya makumbusho ndo uone kazi zao.

Naandika hii kwa sababu bado nakutana na ndugu zetu waliokaa Oslo miaka kumi, hawajawahi kupanda. Ukiwauliza wanasema yale mambo ya sanaa ni ya wenyewe. Jamani hapana. Ile sehemu ni yako kama ilivyo ya mtu mwingine yeyote, na ukienda vizuri, utarudi tena na tena.

Na kwenda vibaya kupo, nilifanya mimi. Mara ya kwanza nilienda saa sita mchana na watoto wawili, ramani mkononi, nikataka tuzione sanamu zote. Tulitembea karibu masaa matatu tunakimbizana na namba za kwenye ramani, mdogo akalala begani, mkubwa akalia njaa, tukashuka bila hata kukaa chini dakika kumi tukatazama mji. Saivi nafanya kinyume, nachagua kwanza sehemu ya kukaa na saa ya kukaa, sanamu tunazipitia nne au tano za njiani, zilizobaki zinasubiri siku nyingine. Hazihami.

Kufika ni rahisi sana. Pale Jernbanetorget, mbele ya stesheni, panda tremu iliyoandikwa Ljabru, kama dakika kumi hivi unashuka kituo kinaitwa Ekebergparken. Tiketi nunua kwenye programu ya simu ya Ruter, wale wa usafiri wa mji, kabla hujapanda, zoni 1 inatosha, ndani ya tremu hamna anayekuuzia na wakaguzi wanapita, faini yake inauma kuliko chakula cha familia cha siku mbili. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi. Ukipanda kaa upande wa kulia, dirishani, kwa sababu tremu ikianza kupanda Kongsveien bahari inafunguka upande huo na mgeni wako ataanza kufurahi kabla hata hamjafika. Wenye nguvu wanaweza kwenda kwa mguu kutokea stesheni kupitia Gamlebyen, ule mji wa zamani wenye magofu ya enzi za kati, ni kama nusu saa na zaidi, lakini mwisho kuna mlima wa kweli, usimfanyie hivyo mzee. Na ukiwa na kigari cha mtoto au mtu wa magoti, fungua programu uangalie basi zinazopita juu upande wa uwanja wa Ekebergsletta, huko ni tambarare, unaingilia bustani kwa nyuma bila kuhangaika na mteremko.

Kituoni pale unaposhuka, kabla hujapanda kilima, kuna kitu watu wengi wanakipita. Karibu na lile jengo kubwa la zamani la shule ya mabaharia kuna michoro imechongwa kwenye mwamba, wanyama, kazi ya watu walioishi hapo karibu miaka 5000 iliyopita. Mimi nilipoambiwa niliwaza michoro ya Kondoa moja kwa moja, ingawa ile yetu imechorwa kwa rangi na hii imechongwa. Dakika tano tu, kisha panda.

Muda sasa. Kilima kinatazama magharibi, so jioni ndo mpango mzima. Ila jioni ya huku sio jioni ya kwetu, mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne na dakika 40 usiku, mwezi wa kumi na mbili linazama saa tisa na dakika 10 hivi alasiri. Kwa hiyo kiangazi, nyumbani toka saa kumi na moja jioni, una masaa matano ya mwanga mkononi, hamna haraka yoyote. Jua likianza kushuka maji yanageuka rangi, na hapo utaelewa kwa nini Edvard Munch alipopita barabara za kilima hiki akaona anga jekundu na kuja kuchora ule uso unaopiga mayowe, mchoro wa 1893 ambao dunia nzima inaujua. Kuna fremu tupu ya chuma imewekwa pale kwenye bustani, kazi ya Marina Abramović, unasimama nyuma yake mji unakuwa ndo picha yako. Yeye mwaka 2013 aliwaalika watu wa Oslo waje wapige mayowe wakarekodiwa. Na wewe unaruhusiwa. Wanangu wanapiga kila wakifika, mama yangu alipokuja kutoka Lushoto aliwatazama kwanza, akaweka mkoba chini, akapiga kigelegele kimoja kirefu mpaka watu wa mbali wakageuka wakapiga makofi. Mama ni mtu wa milimani, amekulia karibu na Irente ambako unasimama kwenye jabali unaona nyika yote ya chini, na alivyokaa pale Ekeberg akaniambia "kumbe na wenzetu wana Irente yao". Tangu siku hiyo ndo jina la pale nyumbani kwetu.

Sanamu ambazo mimi sizipiti. Ya Louise Bourgeois, watu wawili wamekumbatiana, ya rangi ya fedha, imening'inizwa hewani katikati ya miti, upepo ukija inazunguka taratibu, simama chini yake utulie kwanza usitoe simu. Ya Elmgreen na Dragset, mtoto wa kiume amesimama kwenye ncha ya ubao wa kurukia majini, juu kabisa, anaangalia chini hajaamua kuruka au kurudi, watoto wa miaka nane tisa wanaielewa kuliko sisi, waulize wangefanya nini. Halafu kuna bonde dogo ambalo Fujiko Nakaya kutoka Japani ameweka mabomba ya kutoa ukungu, unatoka kwa vipindi, ukibahatika ukakuta umetoka unaingia ndani humuoni hata aliye mbele yako, kwa mtu wa Lushoto hiyo ni asubuhi ya kawaida ya mwezi wa saba lakini bado inagusa.

Naomba niseme na hili mapema ili usishtuke mbele ya wakwe. Mfanyabiashara aliyeianzisha bustani, Christian Ringnes, tangu mwanzo alitaka iwe inazungumzia uanamke, kwa hiyo sanamu nyingi ni za wanawake na nyingi hazina nguo, na kuna moja ya Ann-Sofi Sidén ni mwanamke amechuchumaa anakojoa, na maji yanatoka kweli. Kwa wenyeji ni kawaida. Kwetu inategemea umekwenda na nani. Mimi namwambia mgeni wangu kabla, nikiwa na mzee wa heshima napita njia ya upande wa mtazamo, kuna njia za kutosha, na watoto nawajibu wanachouliza bila kuwafokea. Mama alisema tu "aliyetengeneza amejua mgongo wa mtu mzima ulivyo" akaendelea na safari.

Bustani ilifunguliwa rasmi tarehe 26 Septemba 2013 na ubishi ulikuwa mkubwa, kuna waliopinga miti kukatwa na tajiri mmoja kuachiwa kilima cha watu wote. Mimi naona hoja yao ilikuwa ya haki, na pia naona matokeo ni mazuri, yote mawili. Sehemu kubwa bado ni msitu kweli, ndege wapo.

Sasa chakula, maana hapa ndo safari nyingi zinaharibika. Juu pale kuna Ekebergrestauranten, lile jengo jeupe la mwaka 1929, kazi ya msanifu Lars Backer, zuri sana kulitazama, lakini ukikaa na familia ya watu sita mshahara unayumba. Wenyeji wengi wenyewe wanabeba vya kwao, kwa hiyo usione aibu kabisa kufungua hotipoti. Panda tremu ukiwa umepitia mtaa wa Grønland, ni kutembea kidogo tu kutoka stesheni, pale maduka ya ndugu zetu wana sambusa, embe, ndizi, pilipili, kila kitu. Mimi nabeba chapati nimezikunja kwenye foili, maharage ya nazi mazito yasiyomwagika, kuku wa kukaanga, kachumbari kwenye kopo lake peke yake na ndimu naikamulia hukohuko, la sivyo ukifika imeshalegea. Chai ya maziwa yenye tangawizi chupa mbili, sio moja, kwa sababu hata mwezi wa saba jua likishapotea kile kilima kinapiga upepo na kila mtu ataomba kikombe cha pili.

Nyama choma ichome nyumbani. Kuanzia 15 Aprili mpaka 15 Septemba kuwasha moto msituni au karibu na msitu ni marufuku bila ruhusa, sheria ya nchi nzima, na yale majiko madogo ya foili ya kutupa yanayouzwa madukani yanachoma nyasi na yanaacha doa jeusi. Funga nyama ya moto kwenye foili na taulo juu, saa nzima bado iko vizuri. Pombe pia hadharani ni kosa kisheria, utaona watu na makopo yao lakini mimi sikushauri, hasa ukiwa mgeni unayesubiri karatasi zako. Chupa na makopo ya soda usitupe, yana panti, kroner 2 ndogo na 3 kubwa unarudishiwa dukani, watoto wangu wanagombania kuzibeba.

Mkeka uwe na nailoni chini, nyasi za huku zina unyevu hata siku ya jua. Wa ukili tandika juu yake, ndo nafanya mimi, na kila mara kuna mtu anapita anauliza umetoka wapi. Tafuta sehemu yenye uwazi wa kutazama mji lakini rudi nyuma kidogo kwenye miti, kwenye ukingo kabisa upepo unakula sahani za karatasi, na kuna mahali mteremko ni mkali, mtoto mdogo asiachwe. Watoto waende msalani kabla hamjatandika, mkishakaa hakuna anayetaka kunyanyuka.

Kitu kimoja cha kulipia ambacho nakishauri ni vyumba vya mwanga vya James Turrell, viko kwenye tangi la zamani la maji chini ya ardhi. Kimoja kina tundu darini unaangalia anga, kingine kimejaa mwanga mpaka hujui ukuta uko wapi. Havifunguliwi kila siku, so angalia tovuti yao kabla, ukifika bila kuangalia utagonga mwamba.

Mwisho wa Julai mpaka mwanzo wa Agosti ule uwanja wa nyuma, Ekebergsletta, unakuwa na Norway Cup, mashindano ya mpira ya watoto na vijana yaliyoanza 1972, ni makubwa mno, tremu zinajaa na kelele zinafika bustanini. Wengine wanakimbia wiki hiyo. Mimi ndo naipenda, maana timu kutoka kwetu zinakuja, watoto wa Mathare kule Nairobi kupitia MYSA, chama chao cha michezo ya vijana, wameanza kuja tangu 1990 na wameshabeba makombe, na ukikaa pembeni ya uwanja ukasikia mtoto anapiga kelele "pasi, pasi, nipe!" kwa Kiswahili katikati ya Norway, mimi huwa siwezi kukaa kimya. Nenda kawashangilie, beba maji na machungwa ya ziada.

Baridi inafaa pia ila jiandae, njia zinakuwa barafu tupu, vaa vile vyuma vya chini ya kiatu wanavyoita brodder, bila hivyo usijaribu kabisa. Faida yake ni kwamba giza linaingia mapema, kazi za Tony Oursler zenye taa na sauti msituni zinapendeza zaidi gizani, na mji chini umewaka wote wakati nyumbani hata chakula cha jioni bado hakijaiva.

Kushuka, vuka barabara upande wa pili wa kituo, panda tremu ya kurudi mjini, na safari hii kaa kushoto.