Kobe asiyefungua macho: msafishe kwanza, dawa ifuate

Kiangazi cha Dodoma kikikolea na upepo ukaanza kurusha vumbi, watu huniuliza swali lilelile: kobe amevimba macho, hali chakula, tumpe dawa gani? Juzi alikuwa jirani yangu wa Nkuhungu, naye tayari alikuwa na mfuko wa dawa za mifugo. Tuliuweka pembeni tukaanza hivi.

1. Mtazame kabla ya kumshika

Likivimba jicho moja, shuku vumbi, mbegu ya nyasi au jeraha. Yakivimba yote mawili, shuku maambukizi au lishe duni, hasa upungufu wa vitamini A. Macho yaliyodidimia ni dalili ya kukaukiwa maji. Akitoa makamasi au mapovu puani, au akihema mdomo wazi, usiendelee na hatua zinazofuata. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

2. Mloweke

Beseni, maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni, dakika 15 hadi 20. Usimwache peke yake.

3. Mtoe kichwa, umsafishe jicho

Hapa ndipo asubuhi nzima huishia. Kobe akihisi mkono hurudisha kichwa ndani na kuziba mlango kwa miguu ya mbele. Usimvute, na usimchokonoe kwa kijiti. Mtoe kwenye beseni akiwa bado amelegea kwa joto la maji, mweke juu ya taulo, kisha isukume miguu ya nyuma ndani ya gamba polepole. Nafasi ya ndani hupungua, na kichwa huanza kutoka chenyewe. Mwenzako awe tayari kukishika nyuma ya taya, kidole gumba upande huu na cha kati upande ule, bila kubana koo. Akikirudisha, mwachie, mpumzishe, mrudie. Kobe aliyelazimishwa leo atakusumbua zaidi kesho.

Safisha kwa maji ya chumvi ya dripu, yale ya asilimia 0.9, kutoka duka la dawa. Mimi siamini chumvi ya kukadiria jikoni: ikizidi, inamchoma jicho ambalo tayari linauma. Yavute kwa bomba la sindano, ondoa sindano yenyewe, yapashe moto kiganjani, kisha yamwagie taratibu kwenye kona ya jicho. Matongo yaliyokauka yaloweshe kwa chachi hadi yaachie yenyewe.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Usaha wa kobe hautiririki kama wetu. Huganda ukawa kipande kigumu cheupe, kama maziwa mgando yaliyokamuliwa, ukajificha chini ya kope. Ukiuacha humo, dawa ya matone haifiki kwenye jicho, hata uweke wiki nzima. Maji yakiutoa, vizuri. Ukigoma, hiyo ni kazi ya daktari. Usiuchimbe kwa ncha ya kitu chochote.

4. Dawa

Dawa ya kuua bakteria achague daktari. Kwa vumbi letu napendelea matone kuliko mafuta ya kupaka, kwa sababu mafuta hunasa mchanga. Soma kiboksi: ukiona deksamethasoni au steroidi nyingine (dawa za kupunguza uvimbe), usiweke. Jicho lenye kidonda linaweza kutoboka.

Ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, ipo karibu kila duka la dawa za mifugo, na ng'ombe na mbuzi huchomwa kila siku. Kwa kobe ni sumu: humpooza na kumuua. Kataa hata kama anayekushauri ana cheti. Sindano ya vitamini A nayo usimchome mwenyewe nyumbani, kwani ikizidi ngozi yake hubambuka.

5. Chakula

Majani ya kunde, matembele, majani ya maboga, mlenda mbichi, karoti kidogo. Majani ya mzabibu ni mazuri sana na hapa kwetu hayakosekani, ila hakikisha shamba halijapuliziwa dawa. Asiyeona hatafuti chakula, kwa hiyo msogezee mdomoni.

6. Banda

Toa vumbi la mbao na mchanga laini. Weka kivuli na maji.

Rudia hatua ya 2 na ya 3 kila siku. Jicho likiwa na ukungu mweupe, au likibaki limefumba baada ya siku 3, tafuta daktari aliyewahi kutibu kobe. Ukimkosa mjini, Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachofundisha madaktari wa mifugo. Beba na kibali chako cha kufuga, kwani kobe ni mnyamapori kisheria.