Ahadi ni deni, lakini deni la nani? Namna ya kusoma tangazo la fedha za maendeleo

Likitoka tangazo kwamba nchi fulani imeahidi mamilioni ya dola kwa ajili ya maji, elimu au tabianchi, usikimbilie tarakimu. Tafuta kitenzi kwanza.

Nimekuwa mhasibu wa miradi inayolipiwa na wafadhili kwa miaka 11, na somo hili nililipata kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini niliingiza ahadi nzima kwenye bajeti kana kwamba fedha zimeshafika benki. Visima sita vikapangwa, na watu wakaonyeshwa mahali pa kila kimoja, pakawekwa alama ya chokaa. Zikaja fedha za visima viwili. Wale waliobaki na chokaa tupu hawakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu hapo kila tangazo nalisoma kalamu ikiwa mkononi.

Kitenzi kina ngazi tatu: kuahidi, kutia saini, kufikisha. Ahadi ni maneno ya jukwaani. Saini ni mkataba. Kufikisha ni fedha kuingia kwenye akaunti. Gazeti likiandika "imetoa", rudi kwenye hati yenyewe uone ni ngazi ipi. Hata saini haitoshi kukupa usingizi: mwaka 2025 Marekani ilifuta zaidi ya asilimia 80 ya programu za USAID, shirika lake la misaada ya nje, nyingi zikiwa na mikataba hai na watumishi kazini.

Kuna vitenzi vingine vinavyoteleza zaidi. Katika mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Copenhagen mwaka 2009, nchi tajiri zilikubali "kuhamasisha" dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 kwa ajili ya tabianchi katika nchi zinazoendelea. Kuhamasisha si kutoa. Anayehamasisha huhesabu fedha zake, mikopo ya benki za maendeleo ambazo yeye ni mbia, na hata mtaji wa kampuni binafsi ulioingia kwa sababu serikali iliweka dhamana. Pamoja na upana huo wote, hesabu ya OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, kwa mwaka 2020 ilikuwa bilioni 83.3. Lengo lilifikiwa mwaka 2022, bilioni 115.9. Kisha ukaja mkutano kama huo wa Baku mwaka 2024, na kitenzi kikalegea tena: nchi zilizoendelea "zitaongoza" katika kufikisha angalau bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Ile dola trilioni 1.3 kwa mwaka ya mkutano huohuo, iliyopamba vichwa vya habari, ni wito kwa wahusika wote. Hakuna aliyeandikiwa sehemu yake. Ukikuta neno "wito", lipigie mstari mwekundu.

Ukimaliza kitenzi, gawanya kwa miaka. Milioni 50 kwa miaka mitano ni milioni 10 kwa mwaka, na nusu ya matangazo hupungua papo hapo.

Hatua inayofuata ndiyo nzito kuliko zote: je, ni ruzuku au mkopo? Tunasema ahadi ni deni, tukimaanisha kwamba anayeahidi ndiye mdaiwa. Katika fedha za tabianchi mambo yamegeuka. Kati ya fedha za umma zilizohesabiwa mwaka 2022, takriban asilimia 69 zilikuwa mikopo, na ruzuku asilimia 28. Deni limemwangukia aliyeahidiwa.

Fanya hesabu mwenyewe. Chukua mfano wa mkopo nafuu wa dola milioni 40 kwa miaka 20, riba asilimia 2, miaka mitano ya mwanzo ikilipwa riba peke yake na mtaji ukilipwa kwa mafungu sawa miaka 15 inayobaki. Riba ya miaka mitano ni milioni 4. Riba ya miaka 15, ikipungua kadiri mtaji unavyolipwa, ni milioni 6.4. Kwa hiyo zinarudi milioni 50.4. Na deni liko kwa dola: sarafu ya nyumbani ikishuka, mzigo unapanda bila mtu kukopa senti nyingine.

Mkopo si ubaya wenyewe. Mtambo wa umeme unauza umeme, unaweza kujilipa. Lakini ukuta wa kuzuia mafuriko hauuzi kitu, na mbegu zinazostahimili ukame hazina mapato ya kulipia riba. Kwa kazi za kuhimili mabadiliko ya tabianchi ningedai ruzuku bila kuona haya.

Angalia pia ni kanuni ipi imetumika kuhesabu. Tangu 2018, takwimu kuu ya misaada rasmi ya OECD huhesabu ile sehemu ya mkopo iliyo sawa na ruzuku tu, yaani nafuu anayopewa mkopaji. Takwimu za lengo la bilioni 100 huhesabu mkopo mzima. Kwa hiyo mkopo uleule unaweza kuwa mdogo katika ripoti moja na mkubwa katika nyingine, na zote mbili zikawa zimefuata kanuni zao.

Halafu uliza kama fedha zimevuka mpaka. Gharama za kuwahudumia wakimbizi ndani ya nchi mfadhili, kwa miezi 12 ya kwanza, zinaruhusiwa kuhesabiwa kama msaada. Uingereza mwaka 2022 ilitumia zaidi ya robo ya msaada wake kwa njia hiyo. Wakimbizi wanastahili kila senti. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba senti hiyohiyo imejenga zahanati ng'ambo. Na lile lengo la asilimia 0.7 ya pato la taifa, lililopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1970? Mwaka 2024 wafadhili wa OECD kwa jumla walikuwa kwenye 0.33.

Pa kuhakiki papo. Wafadhili wengi huchapisha miradi yao kwa mfumo wa IATI, mpango wa kimataifa wa uwazi wa misaada, ulio wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Tafuta mradi wako, ruka safu ya kilichoahidiwa, nenda kwenye kilichofikishwa. Kisha fungua kitabu cha bajeti cha nchi inayopokea uone kama fedha hizo zimeandikwa humo. Zisipoonekana, muulize mbunge wako kwa maandishi zinapita wapi.

Mimi nina jedwali la safu sita: kitenzi, miaka, ruzuku, mkopo, mahali zinapotumika, tarehe zilipofika. Safu tano za kwanza najaza kwa penseli. Ya sita naijaza kwa wino, siku taarifa ya benki inapowekwa mezani, na chokaa haitoki kabatini kabla ya hapo.