Jinsi ya kufika vijiji vya ng'ambo ya Ziwa Bunyonyi

Ukitazama ramani ya Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda, kijiji cha ng'ambo kiko kilomita mbili tu kutoka mwalo wa Rutinda. Kwa mguu kinaweza kukumalizia nusu siku. Sababu ni namna ziwa lenyewe lilivyozaliwa: lava iliziba bonde upande wa kaskazini, maji yakapanda yakajaza kila kijibonde cha pembeni. Wageni hulifananisha na fjodi za Norway, ingawa zile zilichongwa na barafu. Ziwa lina urefu wa kilomita 25 hivi, na kingo zake ni ghuba nyembamba tupu; njia ya mguu hulazimika kuizunguka kila moja. Ndiyo maana safari hii hupangwa kuanzia majini kurudi nyuma: uwe umeondoka mwaloni kabla ya saa nne asubuhi, kisha hesabu yote yaliyotangulia kwa saa hiyo.

Kampala hadi Kabale, mji ulio karibu na ziwa, ni kama kilomita 410 kupitia Masaka, Mbarara na Ntungamo. Basi huchukua saa saba hadi tisa, hivyo hata lile la alfajiri hukushusha Kabale mchana umeshapita nusu. Usikimbilie ziwani siku hiyo. Lala mjini. Basi la usiku huonekana kama linaokoa siku, lakini hukuacha stendi kwenye baridi kabla hakujakucha, umechoka, na mbele yako kuna maji na mlima. Anayetoka Kigali huvuka mpaka Katuna, na Kabale haiko mbali na hapo. Raia wa Kenya na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti.

Kabale ndipo pa mwisho kutoa pesa benki. Chukua noti ndogo za shilingi ya Uganda, za 1,000, 2,000 na 5,000, kwa sababu mpiga kafi hana chenji ya 50,000. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku baridi hushuka hadi nyuzi 10 hivi, kwa hiyo sweta si mapambo. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ongeza koti la mvua, na kila kitu ndani ya begi kifungwe kwenye mfuko wa plastiki.

Kutoka mjini hadi Rutinda ni kilomita zisizofika 10, kupanda kisha kuteremka kwa kona kali. Boda boda inatosha kwa mtu mmoja mwenye begi la mgongoni. Mkiwa watatu na mizigo, kodini gari. Jumatatu na Ijumaa ni siku za soko la Rutinda: asubuhi mitumbwi huingia na mazao kutoka vijijini, alasiri hurudi na wenyewe. Anayefuata kijiji ambacho boti za watalii haziendi atapata usafiri wa pamoja siku hizo kwa bei nafuu, ila avumilie kuondoka soko linapovunjika.

Mwaloni, mapatano ndiyo kazi kubwa. Uliza kama bei ni ya chombo kizima au ya kichwa, kama ni kwenda tu au kwenda na kurudi, na kama mafuta yamo. Usitaje jina la kijiji peke yake. Taja na shule au kanisa lililo karibu na pale unaposhukia, la sivyo utateremshwa ghuba ya jirani na kuachiwa kilima kizima. Jaketi la kuokolea livae hapo hapo, funga kila kifungo, kisha livute juu mabegani: likipanda hadi masikioni ni kubwa, omba jingine. Usikubali lililowekwa chini ya kiti. Ukingo wa Bunyonyi hushuka ghafla, na hatua chache tu kutoka nchi kavu huna pa kukanyaga.

Boti ya mashine hufika kisiwa cha Itambira kwa dakika 10 hivi. Mtumbwi wa kafi huchukua kama dakika 50. Asubuhi ukungu hutanda, kisha unapoinuka maji hutulia. Alasiri upepo huanza kuvuma kati ya vilima, na hapo mtumbwi hupata taabu.

Ukipewa kafi, jua kwamba mtumbwi wa gogo moja la mkaratusi hauna mkuku, yaani uti wa chini, wa kuushika mstari. Ukipiga upande mmoja bila ufundi utazunguka palepale. Kaa chini kabisa, mizigo mizito katikati. Wa mbele avute tu. Wa nyuma ndiye mwongozaji: anachoma kafi karibu na ubavu, anavuta hadi nyuma ya nyonga, kisha haliinui mara moja, analigeuza bapa lisimame wima na kulisukuma nje kidogo. Msukumo huo mdogo ndio unaorudisha omo, yaani ncha ya mbele, kwenye mstari. Wimbi likija, lielekee kwa omo wala usiligeuzie ubavu, na mtu asisimame.

Ukishuka, njia hupanda kati ya matuta ya viazi, maharage na mtama. Kwenye udongo mfinyanzi uliolowa, ndara na raba zilizolika soli hukuangusha; vaa viatu vyenye meno na ushike fimbo. Usikanyage kingo za matuta, maana hubomoka na ni jasho la mtu. Ukiuliza umbali utaambiwa ni hapo tu. Uliza badala yake mtu aliyebeba gunia la viazi hutumia muda gani, kisha ongeza nusu yake. Giza huingia saa moja jioni, na bondeni jua hupotea mapema zaidi.

Salimu kila unayepishana naye: "Agandi, sebo" kwa mwanamume, "Agandi, nyabo" kwa mwanamke. Ukilala kijijini, mwenyeji akupeleke kwa mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, siku hiyo hiyo, na mwenyeji mpelekee sukari, chumvi na sabuni kutoka Kabale.

Vijiji vya kaskazini vina mlango mwingine. Panda teksi ya pamoja ya Kabale–Kisoro, shuka Muko, pale maji yanapotoka ziwani, kisha tafuta mtumbwi au boda hapo. Kwa wengi wa upande huo ni afadhali kuliko kupiga kafi ziwa zima kutoka Rutinda.

Kurudi kupangwe kabla mpiga kafi hajaondoka. Mlipe nauli ya kwenda, ya kurudi akae akiidai, na mkubaliane siku na saa kamili, kwa sababu mtandao wa simu hukatika ndani ya ghuba na huenda usimpate. Asipotokea, siku ya soko iliyo karibu ndiyo akiba yako: fika ufukoni kunapopambazuka, mitumbwi ya wachuuzi haisubiri jua kali.