Namna ya kupeleka mabadiliko makubwa ya msimbo kwenye mradi huria

Vijana ninaokaa nao Jumamosi hapa Soweto, Moshi, wanaandika msimbo mzuri. Kinachowakwamisha ni namna wanavyoupeleka. Mtu anajifungia ndani, anaandika draiva nzima, yaani programu ya kuendesha kifaa fulani, halafu anawatumia watunzaji wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo wa kompyuta) kiraka kimoja, yaani faili la mabadiliko ya msimbo, cha mistari elfu tatu, bila hata salamu ya kueleza ni nini. Kimya. Au anajibiwa maneno mawili tu, kwamba agawanye, basi anaamini amedharauliwa kwa kuwa ni mtu wa huku. Hapana, mdogo wangu. Hakuna aliyeweza kukisoma.

Anayepokea kazi yako ndiye atakayeitunza. Wewe utahamia kazi nyingine, yeye atabaki kuulizwa kila inapovunjika. Ana haki ya kuielewa yote kabla hajaikubali, na adabu yote ninayoieleza hapa inatokana na haki hiyo.

Kwa hiyo anza kuzungumza kabla hujaandika mengi. Mnunuzi wa kahawa hapa Moshi haonji gunia zima, anaonja sampuli kisha anaamua. Nawe peleka sampuli: barua pepe fupi inayoeleza tatizo, njia unayofikiria, na viraka vichache vya mwanzo vyenye alama ya RFC kwenye kichwa cha barua. Alama hiyo inamwambia msomaji kwamba unaomba maoni, huombi kazi iingizwe leo. Ukiambiwa njia hiyo haifai, umepoteza jioni chache badala ya miezi.

Sasa kugawanya, na hapa ndipo penye kazi. Tuchukue draiva ya kihisi cha unyevu, aina ya kifaa ambacho mtu angekiweka kwenye ghala la kahawa. Usiigawe kwa kuhesabu mistari, wala kwa mafaili. Igawe kwa sababu: kila kiraka kiwe na sababu moja ya kuwepo, ambayo unaweza kuitaja bila kutumia neno “pia”. Kiraka cha kwanza kinaleta faili la YAML, muundo wa maandishi wa kupanga maelezo, linaloeleza kifaa chenyewe. Kwenye kerneli maelezo hayo huja peke yake, kabla ya draiva inayoyatumia. Cha pili ni draiva ya msingi inayosoma unyevu na joto, basi. Draiva kuamshwa na kifaa kipimo kipya kinapokuwa tayari, hicho ni kiraka kingine. Kupunguza matumizi ya umeme, kingine.

Kama ulilazimika kuhamisha funksheni kutoka faili moja kwenda jingine, ihamishe kwenye kiraka chake bila kugusa herufi hata moja, kisha uibadilishe kwenye kinachofuata. Ukichanganya kuhamisha na kubadilisha, mkaguzi ataona mistari mia mbili imefutwa na mia mbili imeongezwa, na ile mitatu uliyoibadilisha kweli haitaonekana. Usafi wa nafasi na majina vilevile: ukae mbali na mabadiliko ya utendaji.

Halafu kuna sharti ambalo wengi hulisahau. Baada ya kila kiraka, kerneli lazima ikompailike (msimbo ugeuzwe programu bila kosa) na ifanye kazi, si baada ya kile cha mwisho tu. Siku kasoro ikitokea, mtu atatumia git bisect, amri ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) ambayo hugawa historia katikati mara kwa mara. Kati ya mabadiliko elfu moja, humpata mkosaji kwa majaribio kama kumi. Ikitua kwenye kiraka chako ambacho hakikompailiki, msako unakwama hapo, na anayeteseka ni mtu asiyekujua kabisa. Kwa hiyo jipime:

git rebase -i --exec "make" origin/master

Amri hii hujenga kerneli upya baada ya kila kiraka ulichoongeza juu ya origin/master, tawi kuu ulikoanzia. Kwenye kompyuta ndogo inachukua muda mrefu. Iache ifanye kazi usiku. Na kama kazi yako bado ni bonge moja, git add -p itakusaidia kuichambua kipande kwa kipande.

Maelezo ya kila kiraka yaanze na tatizo, kisha suluhisho. Mistari isizidi herufi 75. Chini weka Signed-off-by na jina lako. Mstari huo ulianza kutumika kwenye kerneli mwaka 2004, na ni tamko kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Kama umeuandika katika saa za mwajiri, mwombe ruhusa kwanza, tena kwa maandishi.

Andaa kundi kwa git format-patch --cover-letter. Barua ya utangulizi, ile namba 0, ieleze kazi nzima inahusu nini, umeijaribu kwenye kifaa gani, na imejengwa juu ya toleo lipi. Pitisha viraka kwenye scripts/checkpatch.pl, inayokagua mtindo wa msimbo, na scripts/get_maintainer.pl ikutajie wa kuwaandikia. Viraka visizidi kama 15 kwa mara moja. Tuma kwa git send-email, maandishi matupu, bila viambatisho; programu nyingi za barua pepe huharibu nafasi na kiraka hakiingii tena. Jitumie mwenyewe kwanza, kisha ukipokee kwa git am uone kama kimefika salama.

Ukishatuma, tulia. Saa tatu asubuhi ya Moshi, upande wa magharibi wa Marekani ni saa nne au saa tano usiku. Subiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha, na zaidi kama ni zile wiki mbili za kupokea mabadiliko ya toleo jipya, ambapo watunzaji wamezidiwa.

Majibu yakija, jibu kila hoja chini ya sentensi inayohusika na ufute usichokijibu. Usipokubaliana, sema sababu. Kunyamaza halafu kutuma toleo lilelile ni utovu wa adabu, na watu hukumbuka. Pia usitume toleo la pili siku hiyohiyo, wengine bado hawajasoma la kwanza. Likiwa tayari, liandae kwa git format-patch -v2 na chini ya mstari wa vistari vitatu (---) ndani ya kiraka andika ulichobadilisha na nani alikishauri. Aliyekupa Reviewed-by, mstari wa jina lake unaosema amekikagua kiraka na kuridhika, mbebe kwenye toleo linalofuata, isipokuwa umebadilisha sana kile alichokikagua. Hapo mwondoe na umweleze.

Viraka vya mwanzo vikishaingia, kundi linalofuata lijenge juu ya tawi la mtunzaji (msimbo anaoukusanya yeye) kama lilivyo siku hiyo, si juu ya nakala uliyoanza nayo.